Mbuzi wa Nyumba Hii

Nyumba hii ina mbuzi mmoja tu,
wa miguu ya mninga na ulimi wa chuma.
Hali majani, hadai maji.
Alfajiri namkunjua, nampanda kiupande,
anatafuna nazi mbili wala hacheui,
na chicha yote ananiachia mimi.

Vitu vya kila siku havina makuu.
Mbaazi nilizoloweka baada ya isha
zimeamka zimefura, si kwa hasira, kwa maji.
Pojo ziko kwenye kopo la maziwa ya mtoto
ambaye sasa ana ndevu.
Mchicha umekuja na mchanga wote wa Kongowea:
maji matatu ya kuukosha,
na ya nne ya wasiwasi wangu.
Bizari imenipaka kucha hina isiyo ya harusi.
Ipo na pilipili mbuzi,
lakini huyo simhesabu.

"Nyama uliachia nini?" wananiuliza kila mwaka,
na kila mwaka nawapa jawabu jipya:
mwaka juzi bei, mwaka jana daktari.
Kweli yenyewe ni beberu wa Idi
aliyefungwa siku nne chini ya ngazi yetu, hapa Makadara,
akaizoea sauti yangu.
Basi.

Vipya huja vyenyewe, vingine kwa aibu.
Maganda ya ndizi mbichi, niliyokuwa nikiyatupa,
niliyachemsha kwa ukwaju,
nikayakata membamba, nikayatia kitunguu na uwatu.
Badi alikula mpaka sahani ikang'aa,
ndipo akauliza: "Haya maini ya nini?"
Sikumjibu hadi kesho yake.
Soya nyeupe ya duka kubwa la Nyali ndiyo iliyonishinda.
Ilielea majini kama kipande cha sabuni;
nikaikaanga,
ikawa sabuni iliyokaangwa.

Halafu Kokila wa ghorofa ya pili
akabisha na fenesi changa ndani ya gazeti,
la kijani, limejaa chunusi.
"Jipake mafuta mikono, upake na kisu,
la sivyo utomvu huu utakuoa."
Mikono niliipaka, kisu nikakisahau.
Siku mbili nzima kisu kilikuwa bwana harusi wa ubao.

Ijumaa mavyaa wangu Mwanahawa alikuja kutoka Kuze,
akapanda ngazi pua ikimtangulia:
mdalasini, karafuu, iliki,
kitunguu kilichokaribia kuungua nikakiwahi.
"Yeo wapikani?"
"Pilau."
Akakaa mkekani, akanawa, akalivuta sinia kwake.
Fenesi lilikuwa limechambuka nyuzi nyuzi,
limekunywa viungo mpaka likawa kahawia.
Alitafuna polepole, macho dirishani.
Vidole vyake vikaingia chini ya wali,
vikatoka, vikaingia tena upande wa pili,
kama anayetafuta pete iliyomdondoka.

"Mfupa u wapi?"

Nikamletea kisahani cha kokwa,
za fenesi bivu tulilokula juzi,
nimezichoma makaani, nimezinyunyizia chumvi.
Akaitia moja shavuni,
akainyonya kwanza, kama mtu anayedai haki yake,
kisha nikaisikia inapasuka.
Akachukua ya pili. Na ya sita.

Hakusema tamu, hakusema mbaya.
Alipokwisha kunawa alimtazama mbuzi pale ukutani.
"Wangu meno yamekwisha. Niazime huyu."

Nikamkunja, nikamfunga miguu kwa kamba ya katani,
nikamtia kwapani mwa mama,
nikawasindikiza wote wawili
mpaka chini ya ngazi.
"Siku nne," nikamwambia.
"Na umrudishe mzima."